Taipisti na Betri Isiyosema

Emmah Waithira aliwagawa binadamu katika mafungu mawili: wanaopiga chapa kwa vidole kumi, na kuku. Kuku walikuwa wengi. Kuku hudonoa, kidole kimoja kinatafuta A, kingine kinatafuta S, macho yameinamia vibonye kama ya mtu aliyeangusha sindano mchangani, na baada ya nusu saa imetokea mistari mitatu na makosa manane. Wakili aliyemwajiri mjini Thika kwa miaka thelathini na moja alikuwa kuku. Pasta wake ni kuku. Mkwe wake, anayejiita mtaalamu wa mitandao, ni jogoo, yaani kuku mwenye kelele.

Yeye alifunzwa kazi mwaka wa themanini na tatu, katika chuo kidogo kilichokuwa juu ya duka la mabati pale pale Thika. Mwalimu aliwatandikia wasichana kitambaa juu ya mikono wasione vibonye, kisha akapita nyuma yao na rula. Walianza ishirini na wawili, wakamaliza tisa. Waithira alitoka pale akipiga maneno themanini kwa dakika, na tangu siku hiyo hakumwogopa mtu yeyote aliyeketi nyuma ya meza.

Wakili alipofariki, mwanawe alifunga ofisi na kumwandikia Waithira barua ya shukrani. Barua ilikuwa na makosa mawili, moja likiwa katika jina lake. Aliyazungushia kalamu nyekundu, akaiacha barua mezani, akachukua mkoba wake akaenda zake.

Sasa ana miaka sitini na mmoja. Anaishi Kiganjo, katika nyumba ya vyumba viwili, na kila asubuhi isipokuwa Jumapili huenda Ruiru, ambako amekodi meza ndani ya duka la fotokopi karibu na ofisi ya chifu. Huandika maombi ya kazi, viapo vya vitambulisho vilivyopotea, barua za kulalamikia majirani. Lakini kazi yake kubwa ni programu za mazishi: wasifu wa marehemu, orodha ya nyimbo, na yale maneno machache ya mjane au watoto ambayo watu husoma kaburini huku wakitafuta kivuli.

Mashine ya fotokopi iliendeshwa na Ouma, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mnyamavu, aliyewahi kufanya kazi ya umeme katika kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kikafunga geti. Waithira alikaa naye chumba kimoja kwa miaka miwili bila kumuuliza swali lolote la maana. Alimwona mara moja tu akiandika jina la mteja kwa kidole kimoja, tena cha mkono wa kushoto, na hilo likatosha. Akamweka katika fungu lake.

Kompyuta yake kubwa ya mezani ilipoungua, Waithira alienda Witeithie kwa Githae. Githae alikuwa na kibanda kando ya barabara chenye ubao ulioandikwa "Daktari wa Kompyuta", simu mbili, na beji shingoni isiyo na jina la kampuni yoyote. Aliuza laptop kuukuu zilizotupwa na maofisi. Kwa kuwa mashine hizo zingechukua muda wa kuchemsha githeri kabla ya kuwaka, alizifuta na kuziwekea mfumo mwepesi, wa bure, usiobeba mapambo mengi.

"Hii ni Linux, mathe," alisema, akiigonga laptop mgongoni kama anayeuza ng'ombe. "Nyepesi kama unyoya. Ukibonyeza, imewaka. Hata serikali inatumia."

Waithira aliifungua. Ni kweli, iliwaka haraka. Chini kulikuwa na ukanda mwembamba wenye saa na vitu viwili vitatu. Akautazama kutoka kushoto hadi kulia, kama alivyozoea kusoma kitu chochote.

"Betri naiona wapi?"

"Betri?"

"Nijue imebaki ngapi."

Githae alicheka, akamtazama mteja mwingine aliyekuwa pale ili wacheke pamoja. "Mathe, hayo si mambo yako. Hii betri inakaa masaa manne. Wewe andika tu. Ukiona imezima, ujue imeisha."

Waithira alimtazama mikono. Kucha ndefu kwenye vidole vidogo viwili. Mtu anayepiga chapa hafugi kucha. Alijua amekutana na kuku wa daraja la chini kabisa, na bado akaichukua ile mashine, kwa sababu alihitaji kuanza kazi Jumatatu. Baadaye, alipojilaumu, hapo ndipo alipoanzia: kwamba alimdharau yule mtu, na bado akayaamini yale masaa manne.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tano, asubuhi, alipokuja mama mmoja wa Witeithie anayeitwa Wangechi. Mumewe, mzee Muriithi, alikuwa azikwe kesho yake. Wanawe walikuwa wameleta wasifu tayari, umejaa tarehe na majina ya wajukuu. Yeye alikuja peke yake, na leso nyeusi, na mfuko wa plastiki aliouweka magotini.

"Wale vijana wameandika ya kwao," alisema kwa Kikuyu. "Mimi nataka kusema yangu. Lakini sijui kuandika mengi. Nitasema, wewe uandike."

"Sema, mama. Usinitazame. Wewe sema tu."

Wangechi akaanza. Dakika tano za kwanza alisema yale ambayo wote husema. Halafu kitu kikafunguka. Alianza kusimulia jinsi walivyoishi, mambo ya mashamba ya mananasi, ya nyumba ya kwanza, ya mvua fulani, na sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayeongea na aliyelala chumba cha pili. Ouma alizima mashine yake ili isipige kelele. Stima ilipotea katikati, taa ikazimika, hakuna aliyejali. Laptop iliendelea kuwaka, na vidole vya Waithira viliendelea kukimbia.

Waithira alikuwa na fahari moja kubwa kuliko zote: hakuwahi kumkatiza anayesema. Wapiga chapa dhaifu husema "ngoja kidogo", "rudia hapo". Yeye hapana. Maneno yaliingia sikioni yakatokea vidoleni bila kupitia kichwani, kama maji katika mfereji. Hata kuhifadhi kazi hakuhifadhi, maana angeinua mkono, na Wangechi angeinua macho, na uzi ungekatika. Angehifadhi mwishoni. Masaa manne, alisema yule mtu. Ilikuwa imepita saa moja na robo tangu stima ipotee.

Kioo kikawa cheusi.

Hakikuonya, hakikufifia. Waithira alipiga maneno sita zaidi kwenye kitu kilichokwisha kufa kabla ya kuelewa. Wangechi aliendelea kusema kidogo, kisha akainua macho.

"Imekuwaje?"

"Imezima, mama."

"Na yale niliyosema?"

Stima ilirudi saa saba na nusu. Waithira aliwasha mashine. Ile programu ya kuandikia, nayo nyepesi kama kila kitu cha Githae, haikuwa imejihifadhia hata mstari. Ukurasa ulikuwa mweupe.

"Tuanze tena," Waithira alisema. "Nitahifadhi kila sentensi."

Wangechi alijaribu. Alifungua mdomo mara mbili. Kisha akakunja ule mfuko wa plastiki, akaukunjua. "Andika alikuwa mume mwema," alisema. "Andika hakuwahi kunipiga. Andika tutaonana. Inatosha."

Waithira alitaka kuyaandika yale mengine yeye mwenyewe, kutoka kichwani. Hapo ndipo alipogundua kwamba kichwani hakukuwa na kitu. Maneno elfu tano yalipita mwilini mwake na yeye akabaki na tone moja: kulikuwa na mlango, na mtu aliyeubeba kichwani kwenye mvua. Mlango wa nini, aliubeba kutoka wapi, kwa sababu gani, hakujua. Kwa miaka arobaini alijisifia mfereji wake. Sasa aliuona ulivyo: mfereji haunywi maji.

Siku ya mazishi alienda Witeithie, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mteja. Ile mistari mitatu ilisomwa na binamu mmoja aliyeisoma kama tangazo la mnada. Wangechi alikuwa amekaa mbele, hakugeuka. Waithira aliondoka kabla ya chakula.

Kesho yake alikuwa kibandani kwa Githae kabla hajamaliza kufungua.

"Masaa manne," alisema.

"Mathe, hata salamu?"

"Imekaa saa moja na robo. Na haikusema kitu. Nataka nione betri."

Githae alishika laptop, akaigeuza juu chini, akaipuliza. Akasema pengine ni vumbi. Akasema pengine ni stima ya Ruiru, stima ya huko ni mbaya. Akasema huu mfumo mwepesi ndivyo ulivyo, ili uwe mwepesi umeondolewa vitu. Alipoona mama hatingishiki, akatoa simu, akatafuta huko na huko, mwishowe akapata mstari mmoja ambao ukiandikwa kwenye lile dirisha jeusi, mashine hutoa namba ya betri. Akafungua dirisha jeusi. Akaanza kudonoa.

Waithira alisimama nyuma yake. Alishuhudia mstari wenye herufi zisizofika hamsini ukichukua dakika nne. Kidole kilipanda, kikaelea, kikashuka, kikakosea, kikafuta. Alitazama kucha ile. Alitazama jinsi Githae alivyonong'ona kila herufi kama mtoto wa nasari. Karibu na mwisho palikuwa na herufi tatu kubwa, B na A na T, na mbele yake kwenye simu palikuwa na sifuri. Githae akapiga O.

Waithira aliona. Katika mashine za chapa za ujana wake, zingine hazikuwa na sifuri kabisa, walitumia O, na mwalimu aliwafunza tofauti kwa rula. Hakuna mtu kati ya Thika na Ruiru aliyejua tofauti ya sifuri na O kuliko yeye. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga.

Mashine ikajibu kwamba kitu hicho hakipo.

"Umeona?" Githae akapumua kama aliyeshinda kesi. "Hii betri haisomeki. Mfumo hauitambui. Hizi laptop zote ziko hivyo, mathe, ndiyo maana nilikwambia uandike tu. Wewe nunua betri mpya, au ukae karibu na soketi."

"Asante, daktari," Waithira alisema. Alisema kwa Kiswahili safi, polepole. Githae hakusikia lolote ndani yake. Watu wa aina hiyo hawasikii.

Alirudi mezani kwake Ruiru, akafungua dirisha jeusi. Wateja wa Githae waliliogopa dirisha lile kwa sababu halina picha za kubonyeza. Kwa Waithira lilikuwa kama kurudi nyumbani: karatasi tupu, na kibonye. Alipiga mstari wote kwa sekunde kadhaa bila kuangalia chini, na sifuri mahali pa sifuri.

Ikatokea 63.

Alicheka peke yake mpaka Ouma akageuka.

"Inasomeka," Waithira alisema. "Ile takataka ya mtu imenidanganya. Sitini na tatu."

Ouma alikuja na kikombe chake cha chai, akainama. "Sitini na tatu ya ngapi, madam?"

"Ya mia. Ni asilimia, Ouma."

"Ndiyo. Lakini mia ya nini?" Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza njia. "Ukiwa na debe, nusu yake umejaza mawe, maji yakifika juu utasema limejaa. Kweli limejaa. Lakini ukimwaga, unapata nusu debe. Betri ikizeeka inaota mawe. Uliza ilizaliwa ikibeba ngapi, na sasa inabeba ngapi. Kiwandani tulikuwa na betri kubwa za kuwasha jenereta, tulikuwa tunapima hivyo kila mwezi."

Waithira alimtazama kana kwamba mashine ya fotokopi ndiyo imesema.

Katika folda ile ile iliyotoa 63 kulikuwa na majina mengine. Alisoma moja moja. Lilikuwepo la uwezo wa kuzaliwa, lilikuwepo la uwezo wa sasa. Akayaita yote mawili. La kwanza lilianza na arobaini na saba, la pili na kumi na nane.

"Zaidi ya nusu ni mawe," Ouma alisema, akarudi kwenye mashine yake.

Wiki hiyo Waithira alisoma. Alisoma maelezo ya mfumo ule kama alivyosoma zamani mikataba ya ardhi, ukurasa kwa ukurasa, akiwadharau walioandika kwa kuweka alama za mkato ovyo. Na siku ya tatu akapata jambo lililomfanya asimame na kuzunguka meza. Ule ukanda wa chini, uliokuwa na saa tu: ukiubonyeza kwa kibonye cha kulia cha kipanya, kunatokea orodha. Humo unachagua kuongeza kitu. Unapewa vitu vya kuongeza, na kimojawapo, kimekaa kimya kama mgeni asiyekaribishwa, ni kipima betri. Unakibonyeza. Kinaingia ukandani, kijani, na namba yake. Unaweza hata kukiagiza kilie kengele zikibaki dakika kadhaa.

Si kwamba mfumo ulikuwa umenyimwa. Kila kitu kilikuwamo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni mtu wa kubonyeza mara tatu. Yule daktari wa kompyuta, mwenye simu mbili na beji, alikuwa ameuza mashine ngapi, Witeithie na Juja na mbali, bila kuwahi kubonyeza ukanda ule kwa kulia hata kwa bahati mbaya.

Lakini Waithira hakuiamini namba hiyo moja kwa moja. Alichukua daftari. Aliitoa laptop kwenye soketi, akaiacha iishe mara tano, akiandika saa na asilimia kila baada ya dakika kumi. Betri ilishuka kwa adabu mpaka thelathini na tano au thelathini na nne, halafu ikafa, kila mara pale pale, kama mzee anayejikwaa kwenye jiwe lile lile la mlangoni. Aliagiza kengele ilie zikibaki dakika thelathini, na juu yake akajiwekea sheria yake mwenyewe: arobaini na tano, simama, hifadhi, mwambie mteja apumzike.

Jumamosi moja alifunga mashine ikiwa imejaa, akaenda Witeithie kwa Wangechi. Alimkuta akichambua maharagwe uani.

"Mama, nina dakika hamsini za hakika," alisema. "Ninaziona hapa. Nimekuja tuandike yale ya mzee. Uliongea juu ya mlango."

"Mlango?" Wangechi aliacha maharagwe. Alifikiri, na uso wake ukalegea kidogo. "Haiya. Nilisema mpaka ya mlango?"

"Ulisema. Mtu ameubeba kichwani, mvua inanyesha."

"Basi siku hiyo nilisema vizuri." Alichukua gunzi la mahindi lililokuwa miguuni, akamrushia kuku aliyekuwa anakaribia ungo. "Wacha, mwanangu. Yale yalikuwa ya kumsindikiza. Ameshaenda. Sasa nikiyasema yatakuwa hadithi tu. Kunywa chai."

Waithira alikunywa chai. Kijani cha betri kilikaa pembeni ya kioo, tisini na nane, tisini na saba, bila kazi.

Mwezi uliofuata, kikundi cha akina mama wa kanisa moja la Kahawa Sukari kilitaka kufungua darasa la kompyuta kwa wanawake wasio na kazi. Mwenyekiti wao, Becky, alikuwa amesikia habari za Waithira na akamwomba awafunze kupiga chapa. Waithira alikubali kwa sharti moja: kila mwanafunzi aje na leso ya kufunika mikono. Laptop kumi na mbili zilikuwa zimeshanunuliwa. Alipoingia ukumbini siku ya kwanza, alimkuta aliyeziuza amesimama mbele, beji shingoni.

Githae alimwona, akapepesa macho, akaendelea. "Akina mama, hizi ni mashine nyepesi kama unyoya. Betri masaa manne kila moja. Hata stima ikipotea, ninyi mnaendelea na masomo."

"Betri tunaionea wapi?" Waithira aliuliza kutoka nyuma.

Akina mama wakageuka. Githae akatabasamu tabasamu la mtu anayeswaga mbuzi. "Huyu mama ni mteja wangu. Mum, tuliongea. Hizo ni siri za ndani ya mfumo, hazionekani. Hapa tuko kwa masomo ya wanaoanza."

Waithira alitoka nyuma, akapita katikati ya viti bila haraka, akakaa mbele ya laptop ya kwanza. "Kila mtu aweke mshale kwenye ukanda wa chini. Bonyeza kulia. Mmeona orodha? Ongeza. Shuka mpaka mwone neno betri. Bonyeza. Haya."

Mama mmoja akasema, "Imetokea!" na mwingine, na mwingine. Vipima vya kijani vilichomoza meza moja baada ya nyingine. Githae alisimama pale pale, mkono kwenye beji.

Kisha Waithira akapita kwenye kila mashine na mstari wake, akauliza ilizaliwa ikibeba ngapi na sasa inabeba ngapi, na Becky akaandika. Saba zilikuwa na nguvu ya kufaa. Tatu zilikuwa zimejaa mawe tupu. Mbili hazikuwa na betri kabisa. Kulikuwa na kifuniko tu, na waya wa chaja ndio uliokuwa ukizishikilia uhai.

"Jana zote zilikuwa sawa," Githae alisema.

"Ulizipima na nini?"

"Zilikuwa... nilizipima."

"Na nini, Githae?"

"Zilikuwa zinawaka, mathe."

"Hata jiko linawaka," Waithira alisema. "Hata gunzi la mahindi linawaka."

Akina mama walicheka, si kwa ukatili, lakini walicheka, na kicheko cha akina mama ishirini katika ukumbi wa mabati hakisahauliki upesi. Becky alimwambia azichukue zile tano na alete zingine Ijumaa. Alizichukua, mbili kwapani na tatu kwenye gunia, na mlangoni moja ikamponyoka. Waithira alifurahi. Hakuna haja ya kusema uongo: alifurahi kwa siku tatu nzima, akiosha vyombo anacheka.

Siku ya nne Githae akaja Ruiru. Hakuwa na beji. Alisimama mbele ya meza yake kama watu wanaokuja kuandikiwa viapo.

"Nimepeleka zingine tano kanisani. Ziko sawa, nimezipima kwa ule ukanda." Akasita. "Lakini ule mstari wa dirisha jeusi, wa uwezo wa kuzaliwa, mimi bado unanikataa. Unasema hakuna kitu."

"Unapiga O. Ni sifuri."

Githae alitoa simu, akaangalia kwa karibu. "Sifuri," alisema. "Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Uliiona siku ile? Ulikuwa nyuma yangu."

Waithira alinyoosha karatasi iliyokuwa mezani.

"Mathe, wiki sita nimekuwa nikiambia watu betri hazisomeki. Kuna mwalimu wa Kiganjo huko kwenu, alipoteza mitihani ya darasa zima, nikamwambia hazisomeki. Ungeniambia neno moja."

Angeweza kumjibu mengi. Kwamba fundi hafunzwi kazi yake na mteja. Kwamba alimcheka mbele ya watu. Kwamba mtu mwenye macho mawili na kucha mbili hushindwa vipi na duara. Yote yalikuwa kweli na yote yalifika kwenye ulimi. Lakini yule mwalimu wa Kiganjo alikaa mbele yao kama mtu wa tatu, na Waithira hakupenda jinsi alivyomtazama.

"Sasa unajua," alisema. "Nenda. Unanizuilia wateja."

Hakukuwa na mteja hata mmoja. Githae alienda. Waithira bado anamwona kuku, na hata leo ukimtajia jina lake atakunja pua. Lakini siku hiyo alimwandikia kwenye karatasi mistari yote mitatu ya dirisha jeusi, kwa herufi kubwa, sifuri zikiwa na mkwaju katikati, akampa Ouma amkimbilie nayo kabla hajavuka barabara.

Ouma aliporudi hakwenda kwenye mashine yake. Alivuta kiti cha wateja, akakaa.

"Madam, kuna kiwanda Thika kinatafuta fundi wa umeme. Nataka barua."

"Leta mambo yako, niandike."

"Sina karatasi. Nitasema."

Akasema. Alianza na miaka ya kiwandani, majenereta, usiku ambao waya mkuu ulishika moto na yeye akaukata kwa mkono mmoja kwa kuwa mwingine ulikuwa umeungua. Ule wa kulia. Vidole vyake havikujikunja tena vizuri tangu siku hiyo.

Waithira aliinua mikono kutoka kwenye vibonye.

"Ngoja kidogo, Ouma," alisema. "Rudia hapo. Nataka kuisikia."